Vinanda vya mtaani vya Uholanzi: vilikotoka, vinavyofanya kazi, na kwa nini ukimya ndio unaoviua

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka kadhaa sasa, Jumamosi mbili za kila mwezi nimekuwa nikijitolea katika karakana moja ya vinanda hapa Uholanzi, ambako useremala niliojifunza Tanga umenifaa kuliko nilivyotarajia. Kila nikituma picha nyumbani naulizwa swali lile lile: hicho ni kinanda, ni santuri, au ni jukwaa la vinyago? Nimeona ni heri niandike jibu refu mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Chombo chenyewe ni kasha kubwa la mbao lililowekwa juu ya mkokoteni. Uso wake umechongwa na kupakwa rangi nyingi, na mara nyingi husimama hapo vinyago vya watu vinavyogonga kengele au kuongoza bendi kwa kijiti. Ndani mna filimbi za mbao na za madini, makumi kwa vinanda vidogo na mamia kwa vikubwa, pamoja na ngoma, mivukuto ya kutia upepo, na kwa nyuma gurudumu kubwa linalozungushwa kwa mkono. Jina lake rasmi kwa Kiholanzi ni draaiorgel, lakini wenye kukipenda hukiita pierement. Mimi nitakiita kinanda cha mtaani, nikijua fika kwamba neno kinanda limekwisha kubebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu, tangu ala za nyuzi za wazee hadi kinanda cha kanisani.

Kwanza nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Santuri hurudia sauti iliyopigwa zamani mahali pengine, ilhali kinanda hiki hupiga chenyewe papo hapo: upepo halisi unapita katika filimbi halisi, na ukisimama karibu utausikia mgongo wa mvukuto ukipanda na kushuka. Pili, kuna chombo kinachofanana nacho kwa nje ambacho ndani kina nyuzi na nyundo, yaani piano ya kuzungushwa, kama ile ya Madrid. Hiyo ni ndugu wa mbali, nayo magonjwa yake ni mengine. Uzi huu ni wa chombo chenye pumzi.

#2 – Mwanzisha uzi (naendelea)

Vinanda vya kwanza vya aina hii vilikuwa vidogo, vya kubebwa begani au kuegemezwa juu ya mguu mmoja wa mti, na akili yake yote ilikuwa katika silinda ya mbao iliyopigiliwa misumari midogo. Silinda inapozunguka, kila msumari huinua kidole kimoja, na kidole hufungua njia ya upepo kwenda kwenye filimbi yake. Sauti fupi ni msumari mmoja, na sauti ndefu ni kikuku cha waya kilichopigiliwa kwa urefu unaotakiwa. Ukiisogeza silinda pembeni kidogo, upana wa msumari tu, vidole hukutana na safu nyingine ya misumari na wimbo unabadilika. Kwa njia hiyo silinda moja iliweza kubeba nyimbo nane au kumi. Ubaya wake ni kwamba wimbo, kwa kawaida, ulipaswa kuisha pale silinda inapomaliza mzunguko wake, na wimbo mpya ulipovuma mjini, mwenye kinanda hakuwa na budi kukipeleka kwa fundi kikapigiliwe upya.

Miji miwili ya Ujerumani ndiyo inayotajwa sana katika habari za silinda. Wa kwanza ni Waldkirch, katika Msitu Mweusi. Ignaz Blasius Bruder alianza kuunda vinanda mwaka 1806 katika kijiji cha jirani cha Simonswald, akahamia Waldkirch mwaka 1834, na wanawe na wajukuu wake waliufanya mji ule mdogo kuwa makao ya ufundi huo. Wa pili ni Berlin, ambako mafundi wa Kiitaliano, miongoni mwao Frati na ukoo wa Bacigalupo, walijaza mitaa ya karibu na Schönhauser Allee kwa karakana zao. Vinanda vya Frati vilivuka bahari hadi Mexico, na hadi leo wapigaji wa mji mkuu wa nchi ile, wakiwa katika sare zao za rangi ya kaki, wanazungusha vyombo vilivyotoka Berlin zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wapita njia hulalamika kwamba vinatoa sauti mbovu. Nitalieleza hilo nikifika kwenye matunzo, kwa sababu kosa si la kinanda.

Mageuzi yalitoka Paris. Ukoo wa Gavioli, wenye asili ya Modena, ulihamishia kazi yake huko katika miaka ya 1840, na mwaka 1892 Anselmo Gavioli alipata hataza ya kuondoa silinda na kuweka kitabu: kadibodi ngumu iliyokunjwa huku na huku kama feni, yenye matundu yanayowakilisha noti. Kitabu kinapita kwenye safu ya vidole vya chuma, kidole kinachokuta tundu kinachomoza, na filimbi inalia. Wazo la kadi zilizotobolewa Gavioli hakulibuni. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mtambo wa kufuma wa Joseph-Marie Jacquard wa Lyon tangu mwaka 1804, ambapo tundu liliamua uzi upi uinuke. Kutokana na mabadiliko hayo, wimbo uliweza kuwa mrefu kadiri kadibodi ilivyoruhusu, na wimbo mpya ukawa ni suala la kununua kitabu kipya.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Mhandisi Mwingereza Charles Babbage aliwachukia wapiga vinanda wa mitaani wa London kwa chuki isiyo na mfano. Aliweka hesabu ya usumbufu, akapata mara 165 katika siku 90, na alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele hadi Bunge lilipopitisha sheria ya kudhibiti muziki wa mitaani mwaka 1864. Babbage huyo huyo ndiye aliyekusudia kuendesha mashine yake kubwa ya hesabu, inayotajwa leo kuwa babu wa kompyuta, kwa kadi za Jacquard. Alifariki mwaka 1871, miaka 21 kabla ya adui yake kuanza kusoma kadi zilezile.

#3 – Mchangiaji kutoka Mombasa

Ahsante kwa maelezo, ndugu mwanzisha uzi. Nina jambo moja ambalo sijalielewa. Bruder ni Mjerumani, Gavioli ni Mwitaliano aliyekaa Ufaransa, na Babbage ni Mwingereza. Uholanzi imeingiaje hadi ikawa ndiyo yenye jina? Halafu, chombo cha thamani namna hiyo kilikuwa mali ya nani? Siamini kwamba mtu anayekusanya sarafu barabarani aliweza kukinunua.

#4 – Mwanzisha uzi

Kaka, maswali yako mawili jibu lake ni moja, na ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko nyingine.

Mpigaji hakukinunua. Mwaka 1875 Mbelgiji aitwaye Leon Warnies alifungua Amsterdam biashara ya kukodisha vinanda, na wengine wakafuata, ikiwemo nyumba ya Perlee iliyokaa muda mrefu katika mtaa wa Westerstraat, eneo la Jordaan. Mpangilio wake msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa sana, maana ni ule ule wa daladala na matatu. Mwenye mali anakaa nyuma, mpigaji anachukua chombo, anazunguka nacho mitaani, na anapeleka hesabu. Kinachozidi ni chake na mwenzake. Mmoja anazungusha gurudumu, mwingine anapita kwa watu na mkebe wa shaba wenye sarafu chache ndani, akiutikisa kwa kufuata mapigo ya wimbo, kiasi kwamba mkebe nao huhesabiwa kuwa ala. Nimewahi kukabidhiwa mkebe huo kwa nusu saa. Kazi niliyoidhani ni ya kuomba ni kazi ya kupiga ngoma.

Sasa tazameni faida iliyojificha. Kwa kuwa mwenye mali aliishi kwa hesabu ya kila siku, kinanda kilicholala kwake kilikuwa hasara. Mvukuto ulipopasuka, ulizibwa siku hiyo hiyo. Filimbi zilipopotoka, zilirekebishwa kabla mpigaji hajahamia kwa mwenye vinanda mwingine, na vitabu vipya viliagizwa kwa sababu watu hawatoi sarafu kwa wimbo waliouchoka. Matunzo yalikuwa ndani ya kodi. Hakukuwa na mtu aliyeitwa mhifadhi wala fungu lililotengwa kwa ajili ya urithi, na bado vyombo vilitunzwa kuliko vingi nilivyoviona vikiwa chini ya bima na kufuli.

Kuhusu Uholanzi kuwa na jina, vinanda vingi vilitoka kwanza Ufaransa na Ubelgiji. Walioleta sauti ya Kiholanzi ni mafundi waliovirekebisha hapa, na mkubwa wao, kwa kinaya, ni Mjerumani: Carl Frei, mzaliwa wa Schiltach mwaka 1884, aliyefungua karakana mjini Breda mwaka 1920. Alichukua vinanda vya Gavioli na vya Limonaire, waundaji wengine wa Paris, vilivyoundwa kwa ajili ya maonyesho na kumbi za dansi, akavibadilisha filimbi na mpangilio, akaunda na vyake, na akaviandikia muziki yeye mwenyewe. Baada ya vita vya pili vya dunia alirudi Ujerumani, akafanya kazi Waldkirch, na akafariki mwaka 1967.

Kwingineko hali ilikuwa nyingine. Mjini New York meya Fiorello La Guardia, mtoto wa mhamiaji wa Kiitaliano, alikataa kuongeza muda wa leseni za wapiga vinanda, na kuanzia tarehe 1 Januari 1936 wakawa hawaruhusiwi barabarani. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1975, wakati ambapo karibu hapakuwa na mpigaji wa kunufaika. Uholanzi nayo iliona biashara ya kukodisha ikidhoofika baada ya vita, na vinanda vingi viliuzwa ng'ambo. Mwaka 1954 wapenzi wake waliunda chama chao, Kring van Draaiorgelvrienden, na mwaka 1956 maonyesho ya vyombo vya muziki vinavyojipiga mjini Utrecht yakazaa makumbusho ambayo leo huitwa Museum Speelklok. Tangu mwaka 1984 yamo ndani ya Buurkerk, kanisa la zama za kati lililo katikati ya mji. Ukipata safari ya huku, nenda. Wanavizungusha mbele yako.

#5 – Mchangiaji kutoka Unguja

Assalaam alaykum. Mimi ni mtengenezaji wa akodiani, na nimewahudumia wapigaji wa taarab kwa miaka mingi. Mwanzisha uzi amesema Carl Frei alileta sauti mpya lakini hakutueleza ni sauti gani. Nilisikiliza rekodi moja baada ya kusoma uzi huu, nikasikia mtetemo ninaoujua. Je, ni ule wa ndimi mbili zisizolingana sawasawa?

#6 – Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, ustadhi. Sikio lako halikukudanganya. Ni jambo lilelile.

Frei alitumia safu mbili za filimbi za mbao zilizozibwa juu, aina iitwayo bourdon, akazipa sauti moja lakini kwa makusudi akaacha safu moja ipande kidogo. Filimbi moja ikitetemeka mara 440 kwa sekunde na mwenzake mara 443, masikio hupokea sauti moja inayovimba na kunywea mara tatu kila sekunde. Katika akodiani kazi hiyo inafanywa na ndimi mbili za chuma. Katika kinanda cha Frei inafanywa na mbao, kwa hiyo mtetemo wake ni wa kina zaidi na hauna ukali. Waholanzi wanaposema kinanda "kinalia", mara nyingi wanazungumzia sauti hiyo.

Hapo ndipo urekebishaji wa sauti unapokuwa mtihani. Mgeni akija na kipimo cha kielektroniki na kuzilinganisha filimbi zote kwa usawa kamili, atakuwa ameiua sauti ya Frei kwa muda wa alasiri moja, na ataondoka akiamini amefanya kazi safi. Filimbi ya mbao iliyozibwa hurekebishwa kwa kizibo chake cha juu: ukikisukuma chini, sauti hupanda, ukikivuta, hushuka. Unasogeza kwa unywele mmoja, unaondoa mkono, unasubiri, kwa sababu hata joto la kiganja hubadilisha sauti, ndipo unasikiliza tena. Mwalimu wangu wa karakana hakuniruhusu kugusa kizibo chochote hadi nilipomaliza mwaka mzima wa kuziba matundu ya upepo, nami sikuelewa kwa nini hadi siku aliponipa filimbi "iliyopotoka" nikaichunguza na kukuta haina kosa lolote. Ilikuwa inapata upepo pungufu. Ndiyo sababu nilisema kuhusu vinanda vya Mexico kwamba kosa si la kinanda: mvukuto ukivuja na ngozi za vilango, yaani vifuniko vidogo vya kuruhusu upepo uingie kwenye filimbi, zikikauka, kila filimbi hupata pumzi isiyotosha, na ukianza kurekebisha filimbi kabla ya kuziba mivujo unaandika uongo juu ya uongo.

Nieleze basi sehemu zinazokufa, nikianza na ile inayokufa mapema. Ngozi ya mivukuto na ya vifuko vidogo vinavyofungua vilango ni ngozi ya kondoo au ya mbuzi iliyolainishwa. Inadumu miongo michache ikiwa inafanya kazi, na muda mfupi zaidi ikiwa imekaa bila kukunjuliwa, kwa sababu mkunjo usiotembea huwa mahali pa kupasukia. Kubadilisha ngozi si kuharibu ukale wa chombo. Ni sawa na kuezeka makuti upya: nyumba ni ile ile.

Gundi ndiyo imenigharimu subira yangu yote. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa, ile inayopashwa moto katika chungu na kunuka vibaya, na hawakuitumia kwa kukosa bora. Gundi hiyo huachia kwa joto na maji ya uvuguvugu, hivyo fundi wa kesho anaweza kufungua kazi ya fundi wa leo bila kupasua mbao. Tuliletewa kinanda kimoja ambacho mtengenezaji wa awali, ambaye sina haja ya kumtafuta, alikuwa amekigandisha mvukuto kwa gundi nyeupe ya dukani. Ilituchukua Jumamosi tatu kubandua kile ambacho kingebanduka kwa saa mbili, na kipande kimoja cha mbao ya asili kiliondoka pamoja nayo.

Kisha kuna bungua. Wadudu hawa hupenda mbao laini na gundi ya zamani, na dalili yao ni unga mwembamba kama wa muhogo unaodondoka chini ya kasha. Filimbi iliyobunguliwa huonekana nzima kwa nje lakini hupumulia mbavuni. Na kuna mirija ya risasi, ile inayopeleka upepo kutoka kwenye vidole hadi kwenye vilango, ambayo hushambuliwa na mvuke wa asidi unaotoka katika mbao za mwaloni hadi ikageuka unga mweupe. Unga huo ni sumu. Usiupulize, usiufagie, vaa barakoa na glovu, na umwite anayejua.

Vitabu navyo vinahitaji macho. Kadibodi hupakwa shelaki, aina ya vanishi, ili isinywe unyevu na isichakazwe na vidole vya chuma, lakini mikunjo huchoka, na pembe za matundu hulika hadi noti fupi ikawa ndefu. Dawa ni kutoboa nakala mpya kabla ya ile ya zamani kusambaratika. Kazi hiyo bado inafanyika kwa mashine ya kukanyagwa kwa mguu, tundu baada ya tundu, na mimi huitazama kwa heshima na kuiachia wenyewe.

#7 – Mchangiaji kutoka Nairobi

Nimeusoma uzi huu kwa makini, na nisingependa nionekane mpinga mambo ya kale, lakini mimi ni mhandisi wa kompyuta na lazima niulize. Kama matatizo ni kadibodi inayolika na mkono unaochoka, kwa nini wasiweke sumaku-umeme chini ya kila kilango, muziki ukahifadhiwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na gurudumu likazungushwa na mota? Filimbi zitabaki zile zile, na sauti itabaki ile ile.

#8 – Mwanzisha uzi

Ndugu mhandisi, hilo unalopendekeza limekwisha kufanyika. Vipo vinanda vingi vyenye mfumo wa MIDI, yaani lugha ya kompyuta ya kuendeshea ala za muziki, uliofichwa nyuma, na vinanda vingi unavyovikuta mitaani leo vina mota ndogo iliyofungwa mkanda kwenye gurudumu. Nalisema hili wazi kwa sababu baadhi ya wapenzi hujifanya hawaoni. Mota imewawezesha wazee wenye mabega mabovu kuendelea na kazi, na sitamhukumu mtu kwa hilo. Sumaku nazo, zikiwekwa kwa namna inayoweza kuondolewa bila kutoboa mbao ya asili, ni dhambi ndogo.

Ninachokataa ni ile sentensi yako ya mwisho. Katika kinanda kikubwa cha mkono, gurudumu moja linafanya kazi mbili kwa pamoja: linasukuma mivukuto na linavuta kitabu. Kwa hiyo mkono ukipunguza kasi, wimbo unapungua, na akiba ya upepo nayo inapungua wakati ambapo besi zinaitaka zaidi. Mzungushaji mzuri analijua hilo kabla halijatokea. Anaongeza nguvu kidogo kabla ya sehemu yenye filimbi nyingi, anazuia gurudumu lisikimbie pale noti zinapokuwa chache, na mwishoni mwa waltz anaupunguza mwendo kwa namna ambayo hakuna tundu lililomwambia. Nimewahi kudhani kwamba mpigaji wa chombo hiki hana la kuamua. Nilijaribu kwa dakika kumi, na waliokuwa wakinisikiliza walinionea huruma.

Swali lililo gumu zaidi, na ambalo hugawanya watu karakanani hadi chai inapoa, ni hili: ukikirudisha kinanda katika hali yake ya asili, asili ni ipi? Chukulia kinanda kilichoundwa Paris kabla ya mwaka 1910 kwa sauti kali ya viwanja vya maonyesho, kikaletwa Uholanzi, Frei akakibadilisha filimbi na mpangilio katika miaka ya 1920, na kikapigwa mitaani hivyo kwa miaka arobaini. Wapo wanaosema kazi ya Gavioli ndiyo ya kwanza, hivyo ya Frei iondolewe. Mimi niko upande mwingine. Sauti ya Frei ndiyo iliyosikika mitaani, ndiyo vitabu vyake vilivyotobolewa kwa ajili yake, na kuiondoa ili kupata sauti ambayo filimbi zake nusu zimekwisha kupotea ni kutengeneza kitu kipya na kukiita cha kale. Pale tu ambapo filimbi za kwanza zipo, pamoja na mpangilio wake na muziki wake, ndipo nakubali mjadala uanze.

Kuhusu rangi ya uso sina msimamo mkali. Vinanda vya kukodisha vilipakwa rangi upya kila vilipochakaa, na chini ya rangi ya juu tumewahi kuhesabu matabaka matano. Acheni dirisha dogo pembeni linaloonyesha matabaka hayo, kisha pakeni.

#9 – Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Nami nina jambo la binafsi. Jamaa yangu aliyeko Ujerumani amepata kinanda kidogo cha silinda, cha kubeba, na muuzaji anataka kukiachia kwa bei anayoiweza. Anataka kukileta nyumbani Dar. Je, kitaweza kuishi katika hewa ya pwani, na anunue au asinunue?

#10 – Mwanzisha uzi

Kinaweza, lakini si kwa kukiweka sebuleni kama pambo na kukifunika kitambaa.

Adui yake wa kwanza hapo hatakuwa joto, bali ni kubadilika-badilika kwa hewa. Unyevu wa pwani hulainisha gundi ya ngozi na kuvimbisha mbao, kisha kiyoyozi kikiwashwa usiku kucha hukausha kila kitu kwa ghafla, na hapo ndipo ubao wa kasha la upepo unapopasuka. Chumba chenye hewa ya wastani siku zote, hata kama ni cha joto, ni salama kuliko chenye baridi ya mashine kwa saa nane na fukuto kwa kumi na sita. Kisiwekwe ukutani kwa upande wa jua wala karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari, kwa sababu chumvi itakula misumari ya silinda, na silinda iliyopata kutu inaumeza msumari mmoja mmoja hadi wimbo ukawa na mapengo. Mchwa sihitaji kukueleza. Miguu ya meza ikae ndani ya vikopo vya mafuta kama walivyofanya bibi zetu kwa makabati ya chakula.

Kikifika, kisizungushwe siku hiyo. Kikae wiki mbili au tatu kizoee hewa, kwani ngozi iliyokauka na kuganda ikilazimishwa kukunjuka hupasuka kwa mzunguko wa kwanza. Baada ya hapo, na hili ndilo kubwa, kipigwe. Robo saa kila wiki inatosha kuzifanya ngozi zibaki laini, vidole visishikane, na mwenyewe asikie mapema sauti inayoanza kudhoofika. Akisafiri, ampe jirani mwenye mkono mtulivu kazi hiyo, na si watoto, maana mtoto hulizungusha gurudumu nyumanyuma, na vidole vya silinda havikuundwa kuvumilia hilo.

Kuhusu kununua, bei ya kwanza si bei. Amuulize muuzaji mvukuto ulibadilishwa ngozi lini na kwa gundi gani. Asiyejua jibu ahesabiwe kuwa hakubadilisha. Amulike tochi chini ya kasha kutafuta unga wa bungua, na aihesabu misumari iliyoinama kwenye silinda, kwa sababu kupigilia silinda upya ni kazi inayoweza kuzidi gharama ya chombo chenyewe. Kisha amwombe muuzaji akizungushe yeye mwenyewe nyimbo zote hadi ya mwisho, na jamaa yako asisimame mbele ambako muziki ni mtamu. Asimame nyuma, ainamishe sikio kwenye mvukuto, asikilize upepo unaotoka mahali usipotakiwa.